Mkunga Aliyempita Kirangozi: Bibi Eustadia Mahona Anastaafu

Bibi Eustadia Mahona, mkunga wa hospitali yetu ya misheni hapa Tabora, anastaafu tarehe 31 Desemba 1959. Amefanya kazi miaka ishirini na sita na miezi kumi na mmoja. Katika hiyo, miaka ishirini na mmoja ameifanya juu ya baiskeli, mvua na jua, kutoka mjini mpaka vijiji vya ng'ambo ya Igalula. Sijasikia mwanamke mwingine wa jimbo hili aliyekwenda mbali hivyo kwa baiskeli. Wanaume nao ni wachache. Mimi ni mmoja wao.

Kamati ya sherehe ilitaka karani Justus aandike wasifu huu, kwa kuwa ana mashine ya kupiga chapa. Nilikataa. Justus kaja hapa mwaka 1951, atasema nini? Aliyemfundisha Bibi Eustadia kuendesha baiskeli ni mimi, Wenceslaus Masele, niliyekuwa tarishi mkuu wa hospitali hii miaka thelathini. Elimu yangu ni katekismu na anwani za barua, basi. Lakini mambo haya nayajua kwa miguu yangu. Justus ameruhusiwa kunyoosha herufi tu. Akigusa kingine nitajua.

Bibi Eustadia alizaliwa Ntalikwa, mtoto wa nne wa mkulima wa mihogo na karanga. Alianza kazi tarehe 1 Februari 1933 kwa kufua mashuka. Mwaka uliofuata akaingizwa wodi ya wazazi, na mwaka 1937 akapata cheti cha ukunga. Mikono yake ilikuwa imetulia, hata masista walimsifu. Shida ilikuwa kwamba mkunga alikuwa mjini na wenye uchungu walikuwa vijijini. Waliletwa kwa machela, siku mbili njiani, na wengine walipofika hapakuwa na la kufanya ila kuwaita ndugu zao.

Mei 1938 akaenda kwa Sista Msimamizi akaomba baiskeli. Nilikuwa mlangoni nikingoja barua, nikasikia yote.

Sista akamwambia, "Wewe hujui hata kuisukuma."

Akajibu, "Kweli, Sista. Lakini Masele anajua, naye hakuzaliwa nayo."

Sikupenda kutajwa namna ile. Hata hivyo Sista alicheka, akampa mwezi mmoja wa kujifunza na miezi mitatu ya kujaribiwa. Katika ile mitatu, kila akiitwa kijijini afike kabla ya mtoto. Akichelewa mara tatu, baiskeli inarudi stoo, yeye anarudi wodini, na habari ya mkunga wa baiskeli isisikike tena hospitalini. Mimi nifuatane naye kila safari, na mwisho nitoe neno langu kama anaweza kwenda peke yake. Niliambiwa, sikuulizwa.

Sasa watu husema baiskeli ni mambo ya Kizungu. Mimi sikufundishwa na Mzungu. Baba yangu alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi mara saba, pembe begani, kwa barabara hii hii ya misafara. Mchanga ni ule ule, miiba ni ile ile. Baiskeli ni mpagazi mwenye magurudumu. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Bibi Eustadia, na aliyefundishwa vingine namwona kila siku anasukuma.

Wiki ya kwanza hakupanda kabisa. Alifunga kasha la dawa nyuma, akaisukuma baiskeli kutoka hospitalini mpaka Isevya na kurudi. Nilitaka aujue mzigo kwanza. Kasha likikaa juu, baiskeli inalewa. Likikaa chini karibu na ekseli, limekazwa kwa vipande vya mpira wa ndani, baiskeli inakuwa na akili. Alifunga na kufungua mpaka vidole vikamchubuka. Hakulalamika, ila aliniuliza siku ya tano kama mimi nilijifunza kupanda kabla sijazeeka.

Wiki ya pili tukahamia kiwanja cha Isevya, mbele ya banda la Yahaya, fundi baiskeli. Pale hapakosi watu. Bibi Eustadia alikuwa ameishona sketi yake ya kazi katikati ili apite juu ya bomba, maana baiskeli ilikuwa ya kiume.

Yahaya akaniita, "Masele! Wanaume wamekwisha mjini?"

Nikamwambia, "Wapo. Wamekaa kivulini wameshika pampu."

"Na hiyo ni sketi au suruali?"

Bibi Eustadia alikuwa chini wakati huo, kaanguka mara ya nne, goti linatoka damu. Akasema, "Tazama tairi, kaka Yahaya. Nguo siyo kazi ya fundi baiskeli." Watu wakamcheka Yahaya. Baada ya mwezi, mnyororo wa Bibi Eustadia ukikatika, Yahaya aliutengeneza kabla ya wote waliotangulia, na aliyenung'unika aliambiwa atafute fundi mwingine.

Nitaje machache niliyomfundisha, wanaoanza wapate faida. Mchangani usishike breki wala usikate usukani. Kaa nyuma, legeza mikono, zungusha miguu kama mtu anayesaga bila haraka. Ukipigana na mchanga, utakulaza. Safari ya mchanga mwingi punguza upepo wa tairi kidogo asubuhi, ujaze tena ukifika njia ngumu. Kwenye matuta ya barabara tafuta ukingo, ndiko magari yasikolima. Ukishuka mlima, miguu yote miwili iwe sawa, mmoja usining'inie. Ukitoka penye miiba, shusha kiganja chenye glovu ya ngozi ulipanguse tairi likiwa linazunguka, mwiba uanguke kabla haujafika ndani. Kula kabla hujasikia njaa. Yeye alitia matobolwa mfukoni, akitafuna kidogo kidogo. Viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa vinakaa tumboni kuliko mkate.

Na upepo. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka mashariki, na ukielekea Igalula unakupiga kifuani siku nzima. Dawa yake ni mgongo wa mwenzako. Gurudumu lako la mbele liwe shubiri mbili tu nyuma ya gurudumu lake, naye anaupasua upepo, wewe unapita. Usitazame gurudumu, tazama mgongo. Na kwa kuwa wa nyuma haoni njia, wa mbele anapiga ukelele: shimo kushoto, jiwe, mwiba! Wa nyuma anaitikia neno lile lile, ili wa mbele ajue kasikia. Wapagazi walifanya hivyo, watu mia mbili, neno likipita kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho.

Wa mbele huyo ndiye kirangozi. Katika msafara wa baba yangu kirangozi hapitwi. Anayempita anatozwa adhabu: anabeba mzigo wa kirangozi mpaka kambini, juu ya mzigo wake. Nilimweleza Bibi Eustadia siku ya kwanza ya safari ndefu, akasema, "Nimesikia, Baba Masele." Tangu siku hiyo mbele nilikuwa mimi. Watu wengine wa baiskeli hupokezana upepo; mimi sikuwahi kupokewa.

Miezi ya kujaribiwa ikaanza Juni. Mara ya kwanza alichelewa kwa ajili ya mwiba, kwa sababu alisahau kupangusa. Hakusahau tena. Mara ya pili mtoto alikuwa na haraka kutushinda, tukamkuta kanyonya na kulala. Sista hakukubali udhuru. Akaandika mbili. Imebaki moja.

Tarehe 23 Agosti, zimebaki siku nane, alfajiri akafika mtu wa Lutona akitembea. Shemeji yake, Koleta, uzazi wa kwanza, alikuwa na uchungu tangu jana asubuhi na mtoto haji. Gari la hospitali lilikuwa Sikonge na daktari. Treni ya kwenda mashariki ni kesho yake. Lutona ni maili thelathini na nne, upepo usoni njia nzima. Bibi Eustadia alikuwa ameshafunga mkoba kabla yule mtu hajamaliza maji aliyopewa.

Mimi nilikuwa na homa siku ya pili. Sikumwambia mtu. Nikafunga kasha kubwa kwenye baiskeli yangu, yeye akachukua mkoba, tukaondoka saa kumi na mbili.

Mpaka Igalula nilikwenda vizuri, na aliyekuwapo njiani ni shahidi. Saa tatu tukapita stesheni, upepo ukazidi. Vumbi la barabara lilikuwa linakuja kama linamwagwa. Nikakanyaga, baiskeli haisogei. Nikakanyaga tena, imesogea kidogo. Nyuma yangu nasikia pedali zake zinasimama zikinisubiri.

"Baba Masele, nishike mbele kidogo."

"Kirangozi hapitwi."

Tukaenda labda nusu maili.

"Baba, tunakwenda mwendo wa kuku."

"Kuku naye anafika."

"Anafika jioni. Koleta hana jioni."

Nilijua anasema kweli, na nilijua akichelewa leo ni mara ya tatu. Nilijua yote mawili na miguu yangu haikunisaidia, na bado niliubana usukani katikati ya njia asipate nafasi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akasogea pembeni kwenye majani, akaja sambamba nami, bega kwa bega. Akauliza kwa adabu kabisa, "Sheria ya baba yako inasemaje kwa anayempita kirangozi?"

"Anabeba mzigo wake mpaka kambini."

"Haya."

Akanyanyuka kwenye kiti, akapita. Akasimama mbele yangu, akashuka. "Nimekupita. Sasa nipe mzigo."

Nilisimama. Siyo kwamba nilikubali, ni kwamba miguu ilikuwa imesimama kabla yangu. Alilifungua kasha kubwa, akaliweka kwenye keria yake, chini, karibu na ekseli, akakaza mpira mara mbili kama nilivyomfundisha. Mkoba akautundika kwenye usukani. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaguna. Akanipa matobolwa mawili na maji.

"Kaa nyuma yangu. Usitazame gurudumu, tazama mgongo."

Maneno yangu mwenyewe. Nikakaa nyuma. Upepo ukapotea ghafla, kama mtu kafunga dirisha. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha mgongo wa mwenzako ni dawa, nami sikuwahi kuionja.

"Shimo kulia!" akaita.

Nikalikwepa.

Akapunguza mwendo. "Baba Masele, nimesema shimo kulia."

"Shimo kulia," nikasema.

Akaongeza mwendo. Tukaenda hivyo maili kumi na mbili. Jiwe, nikasema jiwe. Mwiba, nikasema mwiba. Penye mchanga sikuona hata mara moja mabega yake yakigombana na usukani. Nilipobaki nyuma alijua bila kugeuka, kwa sauti yangu kuwa mbali, akanisubiri bila kusimama. Hilo silo nililomfundisha. Alilijua mwenyewe.

Tulifika Lutona saa tano na nusu. Mama mzazi wa Koleta alikuwa mlangoni. Bibi Eustadia akashuka, akauliza maji ya moto yako wapi, akaingia. Mimi nikakaa chini ya ukuta nikatapika.

Yule mama akanitazama, akasema, "Mkunga nimemwona. Na huyu mgonjwa mmetuletea wa nini?"

Mtoto alitanguliza makalio. Ilichukua muda mrefu, na mambo ya ndani siyajui, nilisikia tu sauti ya Bibi Eustadia ikisema taratibu, pumzika, sasa, pumzika, sasa. Saa nane kasoro mtoto akalia. Wa kike. Koleta akapona, na mwaka jana alikuja hospitalini kumtembelea mkunga wake na kikapu cha karanga. Kwa hiyo hatukuchelewa. Baada ya hapo Bibi Eustadia akatoka, akanipa kwinini, akalala palepale barazani na viatu vyake.

Sasa nafika penye jambo lililonifanya nimkatalie Justus.

Tuliporudi, Sista aliniita peke yangu ofisini, akauliza, "Masele, neno lako. Anaweza kwenda peke yake?" Nikamwambia ukweli: mpaka Igalula nilimwongoza, kutoka Igalula aliniongoza, na bila yeye mimi ningelala porini na Koleta angekufa. Sista akaandika, akafunga daftari, baiskeli ikawa ya Bibi Eustadia tangu siku hiyo. Hivyo ndivyo alivyoipata kazi yake.

Lakini nilipofika Isevya, Yahaya na wenzake wakaniuliza habari za Lutona, nami nikasema, "Nilimvuta kama behewa mpaka mlangoni." Wakashangilia. Bibi Eustadia alikuwa palepale anajaza upepo tairi. Alinitazama mara moja, akaendelea kupiga pampu. Nikadhani nitasahihisha kesho. Kesho yake ilikuwa hadithi nzuri tayari, na mimi ndiye msimulizi wake mzuri kuliko wote. Nimeisimulia miaka ishirini na mmoja, kwenye harusi, kwenye vilabu vya pombe, hata kwa Baba Paroko. Yeye hajaikanusha hata siku moja, wala kwangu faraghani.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa nje ya wodi. Binti Flavia, atakayeshika nafasi ya Bibi Eustadia, alikuwa anawaambia wenzake kwamba bibi wa watu alipata baiskeli kwa kuvutwa na mzee Masele, kwa hiyo wao nao watafute wa kuwavuta. Wakacheka. Maneno yalikuwa yangu, yametoka kinywani mwangu, nimeyapamba mwenyewe. Nikaona kwamba mwanamke huyu ataondoka hapa, na kinachobaki nyuma yake ni uongo wa Masele.

Basi asiyejua ajue leo, na iandikwe katika faili lake: tarehe 23 Agosti 1938, katika maili kumi na nne kutoka Igalula mpaka Lutona, aliyekuwa mbele maili kumi na mbili, tena na mizigo yote, ni Eustadia Mahona. Aliyevutwa ni mimi. Na Flavia nakuambia hivi: barabara ile hakuna aliyewahi kunipita isipokuwa yeye, na mimi sikuwa mtu wa kupitwa hivi hivi. Jipime.

Baada ya hapo alikwenda peke yake. Wakati wa vita, mipira ilipokosekana kabisa, alijaza tairi majani makavu na matambara, akaenda nayo hivyo mwaka mzima wa 1943, akiruka kama mbuzi. Mwaka 1940 aliolewa na katekista Dionis wa Chemchem, akazaa wawili wake mwenyewe, na mara zote mbili alirudi barabarani kabla mimi sijaona inafaa. Mwaka 1949 gari la hospitali lilizama matopeni na daktari ndani. Aliyepeleka habari mjini ni yeye, na daktari akakubali kuwa baiskeli haihitaji kuvutwa na ng'ombe. Watoto aliowapokea kwa mikono yake ni zaidi ya elfu moja na mia tatu. Wengine sasa wanamwamkia shikamoo barabarani huku wamempakia mtoto wao kwenye keria. Kuchelewa mara ya tatu hakukutokea, na Sista yule kabla hajarudi kwao aliichana ile karatasi yenye alama mbili mbele yetu sote.

Amefundisha wakunga wanne kuendesha. Nimewatazama. Wanafunga kasha chini, wanapangusa miiba, wanaita na kuitikia. Ila amewafundisha kupokezana mbele, kila maili mbili, bila adhabu ya mtu. Nilimwambia hiyo siyo sheria ya msafara. Akasema, "Najua, Baba Masele." Hakubadilisha. Na wanafika upesi kuliko tulivyokuwa tunafika sisi, jambo ambalo nalisema mara moja tu na sitalirudia kwenye sherehe.

Sherehe ni Jumamosi baada ya misa, uwanja wa hospitali. Yahaya ataleta baiskeli ya Bibi Eustadia, ameifanyia matengenezo yote. Uongozi umekubali aende nayo nyumbani Ntalikwa, iwe mali yake.

Bibi Eustadia, kwa niaba ya masista, madaktari, wauguzi, wafuaji na matarishi, na kwa niaba ya akina mama wa barabara nzima mpaka Lutona, tunakushukuru. Wabeja sana, mwanangu. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua ya kutosha, na wajukuu wa kukuchosha kidogo. Ulikuwa mwanafunzi wangu, nami najivunia hilo mbele ya mtu yeyote. Najivunia zaidi kwamba nilikaa nyuma yako nikauona mgongo wako.

Sasa lala mpaka jua litoke. Atakayebisha hodi alfajiri, mlango ni wa Flavia.

Wenceslaus Masele
Tarishi mkuu, mstaafu